Kidole cha Debora

"Nazungumza na Debora Selestini?"

Simu ya Klementina ilikuwa na kioo kilichopasuka na spika ya sikioni iliyokufa zamani, kwa hiyo kila aliyempigia alisikika mpaka zizini. Alikuwa amekaa kwenye turubai uani, lundo la pamba limemfika kifuani, anatenganisha pamba safi na fifi, ile chafu. Hatua kumi kutoka pale, mumewe Malimi alikuwa akigongelea msumari kwenye nira ya maksai.

"Dada Debora, upo? Uko mubashara kwenye ukurasa wa Sabuni ya Mwangaza. Watu elfu sita wanakusikiliza. Wewe ndiye Debora Selestini wa Bariadi?"

Nyundo ya Malimi ilibaki juu.

Klementina alimtazama mumewe, akaitazama simu, akamtazama tena mumewe.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

"Tutajie namba iliyokuwa ndani ya karatasi ya sabuni."

Aliitaja, tarakimu nane, bila kuangalia popote.

"Debora Selestini wa Bariadi, guta jipya la injini, la kubebea mizigo, ni lako. Una siku tatu. Njoo mjini, kwenye duka la wakala wetu karibu na stendi, na kitambulisho chako na kidole chako. Unajisikiaje, dada?"

"Nimeshtuka," Klementina alisema. Ukiitoa ile namba, katika yote aliyoyasema asubuhi ile, hilo peke yake lilikuwa kweli.

Simu ikakatika. Kuku wakaendelea kuchakura. Malimi akaja na nyundo yake mkononi, taratibu, akasimama ukingoni mwa turubai, mahali ambapo viatu vyake havingechafua pamba.

"Debora yupi?"

"Baba Jeremia, niache kwanza nipumue."

"Pumua ukijibu."

"Ni ile laini yangu ya mchezo," Klementina akasema, mikono yake ikirudi kwenye pamba kama kwamba pamba ingemficha. "Siku ya kuisajili mashine ilivikataa vidole vyangu. Vyote kumi. Yule kijana wa usajili alivifuta kwa kitambaa, akavilowesha maji, ikakataa. Akaniambia mama, vidole vyako havina mistari, jembe na pamba vimeimaliza. Debora alikuwa pembeni. Akaweka chake."

"Na wewe ukakubali laini yako iitwe jina la mtu mwingine."

"Alikuwa mkwe wetu. Hakuwa mtu mwingine."

"Alikuwa mwizi wetu," Malimi alisema. "Leo mwizi ameshinda guta akiwa amelala huko aliko."

Klementina aliokota pamba fifi, akaitupa upande wake.

"Mliisajili lini hiyo laini?"

"Mwaka juzi. Kabla ya mavuno."

Malimi aliigeuza nyundo mkononi. Kulikuwa na swali lililotakiwa kufuata hapo. Lilikuja mpaka kooni, Klementina aliliona linapanda, akashika pamba kwa nguvu mpaka mbegu zikamchoma. Lakini guta lilikuwa limeshaingia kichwani mwa Malimi na kuegeshwa. Msimu ule alikuwa amekodi guta la watu kupeleka pamba kwenye chama, na mwenye guta alimfanya asubiri siku mbili, akimwita "mzee" kwa sauti ya kumwita mtoto.

"Kesho unaenda Lamadi, huko anakoanika dagaa," akasema. "Mwambie aje aweke kidole. Nauli nitampa. Akimaliza, arudi alikotoka."

*

Philomena, jirani wa upande wa mashariki, alifika kabla ya mchana, kanga kiunoni, kicheko kimemtangulia.

"Nimesikiliza moja kwa moja," alisema. "Nikasema huyu si Debora, huyu ni Klementina amejibana koo. Mama Zawadi, hatimaye."

Mama Zawadi ndilo jina walilompa pale kijijini Sapiwi, na halikuwa la heshima. Walimpa baada ya chupa ya chai, ambayo ndiyo zawadi ya kwanza. Zikafuata fulana mbili zenye picha ya mafuta ya kupikia, mwavuli, na beseni lililofika likiwa na ufa. Miaka mitatu ya kucheza, vitu vitano. Kila siku saa nane mchana, kazi za shamba zikipoa, Klementina alikaa kivulini na simu: penda ukurasa, andika sababu, taja marafiki watatu, sambaza. Wanaume wa kilabuni walicheka. Wanawake wa kwaya walisema ni kamari, wakamwombea, kisha wakamwomba mwavuli.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Bei ya pamba ilipangwa na watu asiowajua, katika vikao asivyoitwa. Mvua ilikuja ilipotaka. Mahari ya wanawe ilisemwa na wanaume, yeye akipika. Kwenye kioo kile kilichopasuka tu ndiko alikoulizwa, kila siku, bila kuchoka: na wewe, unataka nini? Aliyemwonyesha njia ya kulijibu swali hilo alikuwa Debora, mke wa mwanawe Jeremia, binti wa kijiji cha Shishiyu mwenye kidole chepesi kwenye simu. Walikaa wawili kivulini, wakimenya karanga na kutaja marafiki. Laini ya pili waliinunua pamoja, kwa siri, ili wawe na bahati mbili.

"Sasa yule mwizi wenu mtamgawiaje?" Philomena aliuliza. "Tairi moja au mawili?"

"Chukua karanga uende, Philomena."

"Naenda. Ila mwambie Malimi akishalipanda asitusahau tuliokuwa tunampa lifti ya baiskeli."

*

Lamadi ilinuka dagaa tangu barabarani. Klementina alimkuta Debora kwenye chanja za kukaushia, amefunga kichwa kwa kitambaa cha bluu, anageuza dagaa kwa viganja vyote viwili, haraka, kama mtu anayepekua unga. Alikuwa amekonda usoni na kupanuka mabega.

"Mwadila, mayu," Debora alisalimu kwa Kisukuma, akimwita mama, akapiga goti nusu, vilevile kama zamani.

Goti lile lilimchoma Klementina kuliko tusi.

"Mwadila, ng'wanawane, mwanangu."

"Nilikusikia. Kwenye simu ya mwenzangu. Ukasema ni wewe Debora."

"Niliogopa."

"Ulifanya vizuri. Ungekana, wangempigia mwingine." Debora alirudi kwenye dagaa wake. "Bado unacheza kila siku?"

"Saa nane."

"Yale majiko ya gesi?"

"Sikupata."

"Najua hukupata. Nilikuona. Kila shindano unaandika marafiki watatu, na wa kwanza ni mimi. Mwaka mzima."

"Nilidhani hufungui."

"Nafungua."

Mwanamke wa chanja ya jirani alikuwa amesimamisha kazi, anasikiliza bila kujificha. Debora akamwambia, "Mama mkwe wangu huyu," na yule mwanamke akasema "Ahaa" kwa namna iliyoonyesha kwamba hadithi alikuwa nayo yote.

"Walikuletea lile friji, mayu?"

Klementina alijua swali lile lilikuwa linamngoja tangu alipopanda gari asubuhi. Alitingisha kichwa.

"Walizima simu palepale nilipotuma."

"Nilikuambia zawadi hailipiwi."

"Uliniambia."

"Nikakuambia mtu akikwambia umeshinda friji, tuma laki na themanini ya usafiri, huyo ni tapeli. Ukanyamaza. Halafu ukafungua sanduku la baba mkwe."

"Nilifikiri ningeirudisha kabla hajaenda kununua plau. Nilifikiri friji likifika hata hataiuliza."

Debora aliokota jiwe dogo kati ya dagaa, akalitupa.

"Hukutaka kuweka hela kwenye simu hapo kijijini, ukaenda kwa Bujiku, wakala wa mnadani, anayehudumia watu mia kwa siku na hakumbuki sura. Yeye anaandika kitabuni jina linalotokea kwenye simu. Likatokea langu. Baba akazunguka kwa mawakala wote mpaka akakipata hicho kitabu, akakileta mbele ya wazee wa kitongoji, akasoma. Mimi wakati anasoma sikukiangalia kitabu, mayu. Nilikuwa naangalia mdomo wako."

Klementina aliufunika huo mdomo kwa kiganja.

"Nikasema leo ameogopa, atasema kesho. Kesho yake ukaniletea uji, ukatoka. Nikasema labda kesho kutwa. Siku ya nne nikasikia Jeremia na baba yake wamefika Shishiyu, wanatoa ng'ombe wa mahari zizini kwetu."

"Kwa nini hukusema mwenyewe?"

"Kitabu kina jina langu, nani angeniamini? Mwizi akishikwa anamtaja mama mkwe, ndivyo wangesema." Aliinua uso. "Na ningesema, wangekufukuza wewe. Mimi nilikuwa na kwetu pa kurudi. Wewe una miaka hamsini na mbili."

Upepo wa ziwani ulipita juu ya chanja. Klementina alitaka kuketi lakini hapakuwa na mahali, kila kitu kilikuwa na dagaa.

"Baba yako hajambo?"

"Haendi mnadani tena. Anasema kila akipita kuna mtu anapapasa mfuko wake."

"Nusu ya guta ni yako," Klementina alisema haraka. "Nitamwambia Malimi. Nitasimamia."

"Sitaki nusu."

"Unataka lote?"

Debora alicheka, kicheko kifupi, cha zamani, cha kivulini.

"Kesho kutwa saa nne nitakuwa hapo stendi. Na kama mumeo amekupa nauli yangu, mrudishie. Nenda, mayu, utakosa gari."

*

Duka la wakala lilikuwa limepambwa kwa maputo ya bluu. Mbele yake, juu ya vumbi, guta lilimeremeta likiwa na utepe kwenye usukani, na muziki ulipigwa kwa nguvu iliyotikisa mabati. Kijana mmoja, Dastan, aliyevaa fulana ya sabuni, alishika kipaza sauti. Mwenzake alishika simu kwenye fimbo, akirusha kila kitu kwenye ukurasa. Watu wa stendi walikuwa wamejaa mpaka barabarani.

Malimi alikuja na koti lake la harusi za watu. Alikuwa amelizunguka guta mara tatu, amebonyeza matairi, ameuliza linakula mafuta kiasi gani. Alikuwa amekuja na dereva wake tayari, na tani za pamba za majirani watatu ameshaahidi kuzibeba, kwa bei aliyoipunguza kidogo ili waone.

Saa nne ilipita. Saa nne na nusu ikapita.

"Haji," Malimi alisema. "Nilijua. Kijana, sikiliza. Mchezaji ni huyu mke wangu. Simu hii hapa. Sabuni alinunua yeye. Mpimeni kidole yeye tuondoke."

"Mzee, mashine inataka mwenye laini."

"Jaribu."

Dastan aliwatazama watu, akaona hapo pana burudani, akamwita Klementina mbele. Mashine ilikuwa ndogo, ya kijivu, na kioo chekundu cha kuwekea kidole. Aliweka cha shahada. Mashine ililia vibaya. Cha kati. Ikalia vibaya. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, tatu, nne, tano, kama wanavyohesabu magoli, na kwa kila kidole mashine ililia na watu wakaitikia. Kidole cha kumi kilipokataliwa mtu mmoja nyuma alisema, "Huyo mama ni mzimu," na uwanja wote ukaangua kicheko.

Klementina alivitazama vidole vyake. Vilikuwa laini kwenye ncha, vinang'aa, kama vijiko vilivyotumika sana. Vidole hivyo vilikuwa vimechuma pamba ya misimu thelathini na mitano, iliyovalisha watu asiowajua katika nchi asizozijua, na sasa mashine ya kiganja ilikuwa imewaambia watu elfu kadhaa kwamba mwenye vidole hivyo hayupo.

"Nipisheni."

Watu wakageuka. Debora alikuwa anapenya katikati yao, kitambaa cha bluu kichwani, kapu la dagaa begani. Alilitua kapu chini. Hakumsalimia Malimi. Aliweka kidole kwenye kioo. Mashine ikatoa mlio mmoja mzuri, mfupi, na jina likatokea, Dastan akalisoma kwa mbwembwe zote alizozaliwa nazo.

"Debora Selestini Mayige! Piga makofi, Bariadi."

Wakapiga. Debora akatia sahihi kwenye karatasi. Ufunguo uliwekwa mkononi mwake, kipaza sauti mdomoni mwake.

"Waambie Watanzania, dada. Umecheza muda gani mpaka kushinda?"

"Mimi sikucheza," Debora alisema. "Aliyecheza ni huyu mama. Laini ni yake, ilisajiliwa tu kwa kidole changu. Zawadi ni yake."

Akamgeukia Klementina, akamwekea ufunguo kwenye kiganja, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili.

Muziki ulikuwa umezimwa. Hakuna aliyepiga makofi kwa sababu hakuna aliyejua kama hapo panapigwa makofi. Mwizi wa Sapiwi alikuwa ametoa guta zima, mchana, kwa hiari yake, kwa watu waliomfukuza. Hata Malimi, aliyekuja na maneno makali matano yaliyopangwa, hakulikuta hata moja.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema mwishowe, na kunyoosha mkono kuupokea ufunguo kwa mkewe. "Kumbe hata mtu aliyekosea anaweza—"

"Hakukosea," Klementina alisema.

"Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tumenyamaza mwaka mzima." Alimgeukia Dastan. "Kijana, niletee hicho."

Dastan alimletea kipaza sauti akitabasamu, akidhani ni shukrani. Klementina alikishika mbali na mdomo, kisha karibu mno, sauti yake ikagonga mabati ya duka na kurudi.

"Mimi ni Klementina, mke wa Malimi wa Sapiwi. Mwaka jana hela ilipotea kwangu, laki moja na themanini, ya plau. Mume wangu alikuta jina la Debora kwenye kitabu cha wakala. Laini ni hii hii iliyoshinda leo. Jina lilikuwa la Debora, simu ilikuwa mkononi mwangu. Niliiba mimi. Nikaituma kwa matapeli walioniahidi friji. Huyu binti akaitwa mwizi mbele ya wazee, mimi nipo, nimekaa kwenye kigoda, nasikia. Ng'ombe kumi wakatolewa kwa baba yake. Nikapika chakula cha waliowaleta."

Alirudisha kipaza sauti kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Tabasamu la Dastan lilikuwa bado usoni, limesahauliwa pale. Mwenye fimbo ya simu alimnong'oneza, "Wako elfu kumi na moja," na sauti yake ilisikika kwa kila mtu. Malimi alikuwa amebaki na mkono ulionyooshwa. Aliutazama mkono wake mwenyewe kama kwamba ni wa mtu mwingine aliyemsogelea bila hodi. Kisha akaketi kwenye ukingo wa guta, juu ya utepe, na koti lake likapanda mpaka masikioni.

"Lile swali, hiyo laini alikuwa nayo nani," alisema polepole, si kwa mtu yeyote. "Nilikuwa nalo."

Debora alilipandisha kapu lake begani. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikutikisika.

"Asante, mayu," alisema. Kisha akamtazama Malimi, kwa mara ya kwanza siku ile. "Ng'ombe wa baba yangu walitolewa mchana, njiani, watu wakiona."

Akaondoka. Hakuligusa guta.

*

Siku tisa guta lilikaa uani Sapiwi chini ya turubai la pamba, na hakuna aliyeliwasha. Majirani watatu walipeleka pamba yao kwa guta la watu. Mnadani mtu alimuuliza Malimi kama amekuja na kitabu. Alimjibu kwa ngumi, wakamtenganisha, akarudi nyumbani bila kununua alichokifuata. Jeremia alipiga simu kutoka machimbo ya Geita, akauliza, "Mama, ni kweli?" Alipoambiwa ni kweli hakukata simu mpaka salio likaisha.

Malimi hakumpiga mkewe wala hakumfukuza. Hakusema naye. Aliongea na maksai, aliongea na nyundo.

"Nitamfuata Selestini kwake Shishiyu," alisema siku ya sita, akiuambia ukuta. "Nitampelekea hela. Kimyakimya, tumalizane kiume."

"Hakuibiwa kimyakimya," Klementina alisema.

"Ng'ombe hawawezi kurudi. Watatu niliwauza. Na nikiwapeleka watasema naoa upya. Hakuna desturi ya kurudisha ng'ombe waliorudishwa. Haina hata jina."

"Basi tutakuwa wa kwanza."

Siku ya kumi, jua linachomoza, Malimi alisikia magogo ya mlango wa zizi yakishushwa. Alipotoka, Klementina alikuwa ameshatenga saba waliotoka Shishiyu, na watatu wa hapo nyumbani wa kufidia waliouzwa. Alikuwa na fimbo mkononi na simu kifuani.

"Unakwenda wapi na ng'ombe wangu?"

"Shishiyu."

"Mwanamke hapeleki ng'ombe wa mahari. Watatucheka mpaka Meatu."

"Wameshacheka. Sikuona ukifa."

Akawapigia mluzi, wakatoka. Malimi alisimama uani akiangalia mkewe akiishia kwenye vumbi la ng'ombe kumi, mwanamke peke yake, na wanaume wa kijiji wakitoka milangoni na miswaki midomoni. Alimwita mara moja. Hakugeuka. Basi akavaa koti bila kufunga vifungo, akakimbia, mzee wa miaka sitini, akamfikia kwenye kona ya zahanati.

Njia ile haikuwa fupi. Na ng'ombe kumi barabarani, mume na mke nyuma yao, ni kitu ambacho kila mtu anayekutana nacho anakijua, na kila mtu anakifurahia.

"Hongereni, mnaoa wapi?" aliuliza mwanamke wa kwanza, akiwa na ndoo kichwani.

Malimi alitazama kwato. Klementina akajibu, "Hatuoi. Tunarudisha."

"Mnarudisha nini?"

"Tulichoiba."

Yule mwanamke alishusha ndoo. Alibaki amesimama mpaka walipopotea machoni.

Wakaulizwa na waendesha baiskeli, na wanaume waliokuwa wakipakia pamba, na padri kwenye pikipiki yake. Kila mara Klementina alijibu, na kila mara waulizaji walikosa la kusema, kwa sababu wote walikuwa na hongera mdomoni na hawakujua waipeleke wapi. Usiku walilala kwa binamu wa Malimi, naye akauliza. Kesho yake mchana, karibu na Shishiyu, mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi aliinua fimbo yake.

"Bhabha, ng'ombe wazuri. Mnaoa kwa nani?"

Klementina alivuta pumzi ajibu.

"Hatuoi," Malimi alisema. Sauti ilimtoka kavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Nilimwita binti wa Selestini mwizi. Hakuwa mwizi. Hawa ni ng'ombe wao."

Yule mzee akawasogeza mbuzi wake pembeni, njia ikawa wazi.

Selestini alikuwa ameketi mlangoni kwake, mtu mrefu aliyekunjamana. Hakuinuka. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika, habari imetangulia ng'ombe. Alimwacha Malimi asimame juani, amalize maneno yote, mbele ya wote. Kisha akawatazama ng'ombe mmoja mmoja.

"Debora harudi kwenu," alisema.

"Hatukuja kumchukua."

"Guta lenu je?"

"Karatasi ina jina lake," Klementina alisema. "Akilitaka litakwenda. Asipolitaka litaoza."

Selestini aliinuka, akaenda kushusha magogo ya zizi kwa mikono yake. Wale saba hawakuhitaji fimbo. Waliingia mmoja baada ya mwingine, na ng'ombe mmoja mwenye baka jeupe alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya kusini, akalala chini pale alipokuwa akilala zamani. Mwanamke mmoja kati ya majirani akaanza kulia kwa sauti.

Simu ikatetemeka kifuani mwa Klementina. Aliitoa. Ilikuwa saa nane, na kwenye kioo kilichopasuka palikuwa na shindano la taa za sola: andika sababu, taja marafiki watatu. Chini yake mtu alikuwa ameandika majina matatu.

Malimi alimwona mkewe amesimama katikati ya zizi la watu, kwenye samadi, anaitazama simu na mdomo wazi.

"Umeshinda nini tena?" aliuliza kwa uchovu.

Klementina aliigeuza simu ili aione, ingawa alijua bila miwani hataona.

"Debora amenitaja," alisema. "Wa kwanza."